Kovu Lililohama Shavu

Kama hujawahi kusimama juu ya paa la mabati ukiwa umeshika antena kwa mikono miwili, huku mtu akikupigia kelele kutoka ndani, "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usipumue!", basi haya ninayoyaandika yatakupita kidogo. Keti tu, utatukuta mbele ya safari. Lakini wewe mwenzangu uliyewahi kuambiwa usipumue, najua tayari unatabasamu.

Enzi zetu pale Majimbo, mjini Embu, televisheni tuliyoijua sisi watoto ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Mzee Njeru. Mzee alikuwa dereva wa lori la kahawa, mtu mrefu, mpole wa maneno lakini mkali sana kuhusu sakafu yake. Televisheni ilikaa ndani ya kabati lenye milango miwili na kufuli, na juu ya kabati mkewe alitandika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Jumamosi jioni tulipanga foleni mlangoni tukaguliwe miguu. Udongo wa kwetu ni mwekundu na haubanduki kwa maji ya kunyunyiza. Aliyekutwa na udongo kati ya vidole alirudishwa bombani, huku wimbo wa kuanzia kipindi ukimfikia hukohuko. Wengine tulijifunza kuosha nyayo tu. Kuanzia kifundo kwenda juu tulibaki wekundu kama matofali, na Mzee hakujali, maadamu kilichogusa sakafu kilikuwa safi.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha ng'ambo, cha zamani hata kwa wakati huo, na kilimhusu shujaa mmoja aliyetoka sayari nyingine, mwenye nguvu za kuinua daraja kwa bega. Jina lake la Kizungu hakuna aliyeliweza. Sisi tuliona kitu kimoja tu, lile vazi refu lililopepea mgongoni, na kwa kuwa nguo ndefu ya namna ile tuliijua kwa mabawabu wa usiku peke yao, tukamwita Kabuti. Jina likashika. Hata Mzee Njeru alikuwa akisema, "Leo Kabuti atakiona cha mtema kuni." Na wakati huo, mwenzangu, mhusika mkuu aliitwa staring, na kila mtoto wa Kenya alijua sheria ya kwanza ya ulimwengu: staring hafi.

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kila mmoja aliipaka rangi yake. Kwangu kabuti lile lilikuwa jekundu. Jirani yetu aliapa ni la bluu, na tulipigana juu ya jambo hilo nyuma ya choo cha shule mpaka vifungo vikang'oka. Jumapili baada ya kanisa tulifunga leso za mama zetu shingoni, tukapanda juu ya ukuta wa tangi la maji, tukaruka. Mama alikuwa akisema, "Ukivunjika mguu usije ukikimbia kuniambia." Tulipochoka kuokoa ulimwengu tulikaa chini ya mmakadamia, tukavunja karanga zake kwa mawe, na tukirudi nyumbani tulikuta nduma za kuchemsha na chai ya maziwa. Leo watoto wangu, tunakoishi Kaaga kule Meru, wana vipindi mia mkononi na hawajui waangalie kipi. Nikiwauliza wanatazama nini, wananijibu, "Hakuna kitu, Dad." Sisi tulikuwa na kitu kimoja na kilitutosha wiki nzima.

Sasa niwaambie ukweli, maana utu uzima umetufungua macho. Kipindi kile kilijaa makosa kama gunia la maharagwe lililojaa mawe. Kabuti akiruka, uzi uliomning'iniza ulionekana wazi, na mama yangu, aliyeingia mara moja kutuita tukale, alisema hata nguo zake hukaa hewani siku nzima na hazijawahi kuokoa mtu. Mkononi Kabuti alivaa saa, ingawa alitoka sayari nyingine. Alivunja dirisha la benki akiingia, na akitoka, lile dirisha lilikuwa zima tena, limepanguswa na kung'aa. Mji gani sijui, mbwa mmoja mweupe alipita nyuma. Wakihamia mji mwingine, bahari kuvuka, mbwa ni yuleyule. Mwizi aliyeanguka mwambani akafa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo alikuwa anauza mikate. Hilo halikututatiza sana, tulikuwa watoto wa Sunday school na habari za kufufuka tulizizoea.

Lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kovu. Kabuti alikuwa na kovu refu shavuni. Kwa kawaida lilikaa shavu la kushoto. Mara akipigwa picha akikimbia, kovu likahamia kulia, akisimama likarudi. Leo najua kwamba walichukua picha ileile wakaigeuza, kama unavyogeuza shati nje ndani. Wakati ule hatukujua. Kusema kweli, hatukuona hata kidogo. Aliyeona alikuwa dada yangu Wawira.

Hapa lazima nieleze jina hilo, kwa sababu ndilo lililobeba kila kitu. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu limependeza. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na akishalipewa, amepewa na heshima yake. Nyanya yetu, Cucu, aliyeishi Siakago kule Mbeere, aliitwa Wawira. Kwa hiyo dada yangu ni Wawira, wajina wa Cucu, na baba yangu hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Alimwita Mama. Mtu mzima mwenye ndevu alikuwa akirudi kutoka kazini na kumwambia mtoto aliyetoka kung'oka meno ya mbele, "Mama, umeshindaje?" Na hakumchapa. Nani anachapa mama yake? Fimbo za watu wawili zilinishukia mimi, na sijasahau.

Basi Wawira alikuwa na macho ambayo hayakuacha kitu. Alijua nani amebadilisha kitasa cha mlango na kuku gani hajarudi. Mbele ya televisheni hakuweza kunyamaza. "Saa yake imetoka." "Kikombe kilikuwa kimeisha, sasa kimejaa." Tulimfinya, akaendelea. Mzee Njeru alivumilia. Kila mara alijibu neno lilelile kwa sauti ya kutuliza, "Kwangu hakuna makosa. Kuna mambo hatujaelezwa."

Siku ya kovu uvumilivu ulimwisha Mzee. Kabuti alikuwa anakimbia kwenda kumwokoa mtoto aliyefungwa relini, sebule nzima imeshika roho, na Wawira akasimama wima.

"Hiyo kovu imehama," alisema. "Ilikuwa huku, saa hii iko huku."

Watu wazima walikuwepo siku hiyo, wageni wa Mzee kutoka mjini. Mmoja akacheka, akamwambia, "Njeru, si nilikuambia hii TV uliuziwa mbovu? Ona sasa inageuza watu."

Hilo ndilo lililomchoma. Wawira alikuwa anamlaumu Kabuti, lakini Mzee alisikia kinalaumiwa chombo chake, kile alichokileta kutoka Nairobi juu ya mapaja ya utingo wake, bila kukiacha kiguse sakafu ya lori. Aliinuka, akazima televisheni. Mtoto wa relini tukamwacha pale pale, na mpaka leo sijui aliokolewa vipi.

"Wewe mtoto," alimwambia Wawira taratibu, na upole ule ulitutisha kuliko kelele. "TV yangu haina shida. Shida ni macho yako. Ukae nayo kwenu."

Hivyo ndivyo dada yangu alivyofukuzwa kwenye televisheni ya pekee tuliyokuwa nayo duniani. Msicheke. Kwa mtoto wa wakati ule hiyo haikuwa adhabu ndogo. Jumatatu shuleni hakuna aliyeongea kitu kingine, na asiyekuwa ameona alisimama pembeni kama mgeni kwenye harusi. Jumamosi zilizofuata aliketi kwenye ngazi ya nyumba yetu akichambua ndengu, uso ameuelekeza kwa Mzee Njeru, akisikiliza sauti tu. Nilimhurumia sana. Nikirudi aliniketisha nimsimulie, na mimi nilikuwa msimuliaji mbovu.

"Alipotoka kwa mlango alikuwa na kofia?"

"Sijui."

"Si ulikuwa unaangalia?"

"Nilikuwa naangalia anapigana."

Alikuwa anavuta pumzi ndefu, anarudi kwenye ndengu zake. Usiku mmoja aliniuliza kama macho yanaweza kuwa mabaya. Nilimwambia sijui. Baada ya hapo alianza kunyamaza hata nyumbani. Kitasa kikabadilishwa, hakusema. Kuku hakurudi, hakusema. Baba akamuuliza, "Mama, una nini?" naye akajibu hana kitu. Nyumba yetu ikawa kama redio iliyotolewa betri.

Ndipo Cucu akaja. Alikuja na maembe, na jogoo aliyefungwa miguu, na kiondo kilichozidi uzito wake, akasema amekuja kuona kama tunakula. Siku ya pili ikawa Jumamosi. Mkewe Mzee Njeru aliposikia mama wa baba yetu yuko mtaani, alituma neno: mgeni huyu aje aone televisheni. Cucu hakuwahi kuiona. Alivaa leso mpya, akaosha miguu bila kuambiwa, akapewa kile kiti cha mbao chenye mto ambacho kwa kawaida Mzee mwenyewe alikikalia. Sisi tukajaa sakafuni. Cucu akatuangalia mmoja mmoja.

"Wawira ako wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Sisi tulitazama vidole vyetu vya miguu. Mwishowe mtoto mmoja wa Mzee, asiyejua siasa, akasema, "Alifukuzwa."

"Wawira alifukuzwa hapa?"

Mzee Njeru alijikohoza. "Ni yule mtoto, Cucu. Si wewe."

Cucu aliliwaza jambo hilo. Kisha akachukua kiondo chake, akasimama, akavuta leso begani. Hakuwa amekasirika hata kidogo, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

"Mimi nilipewa hiyo jina na nyanya yangu," alisema. "Hiyo mtoto amepewa na mimi. Wawira ni moja. Kama Wawira alifukuzwa, mimi nimekaa kwa kiti ya mtu alinifukuza. Hiyo ni aibu yangu. Wacha niende."

Kumfukuza mama wa mtu aliyetoka Siakago kuja kwako, mbele ya watoto wa mtaa! Nilimwona Mzee Njeru, aliyeendesha lori lenye kahawa kwenye miteremko ya Thuci wakati wa mvua bila kutetemeka, akitafuta viatu vyake asivione. Alitoka pekupeku. Pekupeku, kwenye ule udongo. Alivuka barabara mpaka kwenye ngazi yetu na kurudi amemshika Wawira mkono, na alipoingia alikanyaga sakafu yake mwenyewe akaacha nyayo nyekundu kutoka mlangoni mpaka kwenye kabati. Hakuna aliyethubutu kucheka. Wawira aliketishwa karibu na miguu ya Cucu.

Kipindi kikaanza. Na kama mjuavyo, shetani halali. Kabuti akaanza kukimbia, kovu likahama. Niliona kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa namwangalia Wawira, nikafuata macho yake. Aliinamisha kichwa, akafunga mdomo kwa viganja viwili. Mzee Njeru alikuwa amekaza shingo. Cucu ndiye aliyesogea mbele kitini.

"Huyu si ule wa kwanza," alisema.

Alinyoosha kidole kwenye kioo.

"Ule wa kwanza alikuwa na alama huku. Huyu iko huku. Huyu ni wajina wake." Alirudi nyuma kwenye mto, ameridhika kabisa. "Ni sawa. Mwenye jina akichoka, wajina anashika kazi."

Nilitazama uso wa Mzee Njeru ukifunguka kama dirisha la asubuhi. Televisheni haikuwa mbovu. Mtoto hakuwa na macho mabaya. Kulikuwa na jambo ambalo hatukuwa tumeelezwa, na sasa tumeelezwa. "Ehe!" alisema, akajipiga goti kwa kiganja. "Si nilisema!" Kisha akainama kuelekea sakafuni. "Wawira, hata wewe uliona?"

"Niliona," alisema dada yangu, kwa sauti ndogo, kupitia vidole.

Tangu siku hiyo mambo yaligeuka. Mzee Njeru alimtengea Wawira nafasi mbele, na kila kitu kikihama, sebule nzima ilipaza sauti, "Wajina!" Saa ikitoka mkononi, wajina. Mbwa mweupe akipita, wajina wa mbwa. Dirisha nalo tulilipa wajina wake, Mungu atusamehe. Tulicheka kuliko tulivyowahi kucheka, na sikumbuki kipindi kikiwa kibaya hata Jumamosi moja. Kisha siku moja kilikoma bila kuaga, wakatuwekea habari za kilimo. Tulikua. Cucu alilala kwa amani kwake Siakago, na tulipomzika Wawira alisimama karibu na kaburi lenye jina lake, akatazama kila kitu kama kawaida yake.

Leo dada yangu anafanya kazi ya filamu Nairobi. Si mwigizaji, msimtafute kwenye skrini. Yeye ndiye anayekaa kando ya kamera na kuhakikisha kwamba kikombe kilichokuwa mkono wa kulia hakirukii wa kushoto, na kofia iliyoingia ndiyo inayotoka. Wanamlipa kwa jambo lilelile lililomfanya afukuzwe. Mwaka uliopita alipewa kazi yake ya kwanza ya kusimamia peke yake, tamthilia ya familia moja ya Timau, kule kwenye baridi na mashamba ya ngano. Kazi ya msimu wa pili ingetolewa baadaye, kwake au kwa mwingine, kulingana na huo wa kwanza. Aliniambia kwenye simu kwamba hajalala vizuri tangu walipomaliza kupiga picha. Kuna sehemu moja ya bawabu, alisema. Upepo wa Timau ulipeperusha kofia ya mwigizaji ikapotelea kwenye ngano, wakamvika nyingine, na wahariri wakaahidi wataikata sehemu ile.

Kipindi cha kwanza kilipoonyeshwa tulienda kukitazama Majimbo, kwa Mzee Njeru. Wawira ndiye aliyetaka. Mzee amezeeka sana, masikio yamechoka lakini macho bado, na mkewe bado anafuma vitambaa, ingawa televisheni ya sasa ni bapa na hakuna pa kuvitandika. Watoto wetu waliingia na viatu. Nilimwona Mzee akiangalia viatu vile, kisha akageuza macho kwenye televisheni.

Basi bawabu akatokea. Mzee wa Timau ndani ya kabuti lake, akifungua lango, kofia ya sufu ya manjano kichwani. Akaingia kibandani. Kofia ikawa ya kijani.

Hawakuwa wameikata. Wawira aliinamisha kichwa, na viganja viwili vikapanda mdomoni, vilevile. Mtu mzima, mama wa watoto. Mwanangu mkubwa tayari alikuwa na kipindi kilekile kwenye simu yake, ameirudisha picha nyuma. "Auntie, cheki hii! Hii lazima niposti." Nilitaka kuichukua ile simu niitupe bombani.

Mzee Njeru aliinua fimbo yake.

"Wacha simu," alisema. "Huyo si ule wa lango. Ule wa lango alikuwa na kofia ya manjano. Huyu ni wajina wake." Alipumua, kwa sababu sasa maneno mengi humchosha. "Mwenye jina akichoka, wajina anashika kazi." Kisha akamgeukia dada yangu, akamtazama kwa adabu ambayo mzee wa umri wake hadaiwi na mtu yeyote aliyebaki Majimbo. "Sivyo, Cucu?"

Wawira aliondoa mikono mdomoni. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ni hivyo," alisema.

Mwanangu aliweka simu chini, akaniuliza kwa sauti ya chini Cucu ni nani. Nikamwambia. Ilichukua muda, chai ikapoa, kipindi kikaisha hatujui bawabu alilinda nini. Siku hizi kosa la mtu linapigwa picha kabla hajamaliza kulifanya, na kufikia asubuhi limezunguka nchi nzima. Enzi zetu tulikuwa na wasaa wa kulitafutia jina na kulikaribisha tukae nalo. Ninaukumbuka wasaa ule kuliko ninavyomkumbuka Kabuti mwenyewe. Lakini siku ile kwa Mzee Njeru nilifikiri labda haujapotea, umechoka tu, na wapo wa kuushikia kazi. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona mwanangu ameinama mlangoni, anapangusa sakafuni matope ya viatu vyake kwa kitambaa.

Msimu wa pili walimpa Wawira. Wiki ijayo wanapanda tena Timau. Alinipigia jana akiwa sokoni, akinunua kofia mbili za manjano: moja ya bawabu, nyingine ya wajina wake.